Kalenda, Kopo au Mnyororo: Njia Tatu za Kupanga Mwaka wa Kusoma Tanzu Mbalimbali

Kila Desemba hunijia hamu ileile. Nanunua kauntabuku, naandika juu yake "Vitabu vya Mwaka", napiga mistari kwa rula kama karani wa zamani. Mwaka wa kwanza kufanya hivyo, ilipofika Aprili daftari lilikuwa limeshabadili kazi: kurasa tano za mbele vitabu, zilizobaki madeni ya genge la mama. Nikajihukumu kuwa ni mvivu. Tangu hapo nimejaribu njia tatu tofauti, na nyumbani nimewaona wengine wakizijaribu, nikagundua kuwa uvivu ulisingiziwa tu. Nilikuwa nimechukua mpango wa mtu anayeishi jirani na duka lenye rafu ya kila aina ya kitabu, nikauleta Temeke.

Basi ulinganisho huu ni wako wewe uliyeamua kwamba mwaka huu husomi riwaya peke yake, unataka na shairi, na safari, na historia, na tamthilia, ila hujui uanzie wapi.

Njia zenyewe

Kalenda: miezi kumi na miwili, tanzu kumi na mbili. Januari hadithi fupi, Februari tamthilia, na kuendelea. Kila kitu kinajulikana tangu siku ya kwanza.

Kopo: unaandika tanzu kwenye vikaratasi, unavikunja, unavitia ndani ya chombo. Shangazi yangu wa Tanga, mwalimu mstaafu, ana kopo tupu la Blue Band juu ya kabati la vyombo. Akimaliza kitabu anachomoa kikaratasi kingine. Sharti ni moja, kilichotoka hakirudi.

Mnyororo: unaanza na kitabu unachokitamani, kisha hicho ndicho kinachokutuma kwa kinachofuata. Mtu aliyetajwa, mji, tukio, hata neno moja geni linatosha kuwa kiungo.

Kabla ya kulinganisha, tengeneza orodha ya kwako

Orodha za tanzu zinazozunguka kwenye simu nyingi zimeandikiwa wasomaji wa lugha nyingine. Ukizifuata kwa Kiswahili utakwama mwezi wa pili. Kwetu kuna tanzu nene na tanzu nyembamba. Riwaya, ushairi na tamthilia ni nene, shule zimezilea. Upelelezi nao una ukoo wake: Muhammed Said Abdulla alituletea mpelelezi Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, akaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, kisha Ben Mtobwa. Lakini tafuta bunilizi ya sayansi, zile hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi, uone utakavyohangaika. *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995) itakusogeza karibu, na baada ya hapo utaanza kuulizauliza watu.

Kwa upande mwingine, tuna vitu ambavyo orodha hizo hazivijui kabisa. Utenzi, kwa mfano, lile shairi refu la kusimulia au kuusia, ambalo wengine huliita utendi. Habari za kale za koo na miji, kama *Habari za Wakilindi*. Maandishi ya desturi, kama yale ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yaliyochapwa mwaka 1903. Visa vya safari vya Waswahili wenyewe, vilivyokusanywa katika *Safari za Wasuaheli* mwaka 1901, ambamo Selim bin Abakari anasimulia alivyokwenda Urusi hadi Siberia. Mtu wa pwani kwenye barafu! Kuiacha hiyo kwa sababu orodha ya mtandaoni haina kisanduku chake ni kujidhulumu.

Yangu ina kumi na mbili: hadithi fupi, tamthilia, utenzi wa kale, ushairi wa kisasa, wasifu (maisha ya mtu yakiandikwa na mwingine), tawasifu (mtu akijiandika mwenyewe), safari, historia na desturi, upelelezi, riwaya ya jamii, tafsiri, na vitabu vya watoto. Insha niliiacha nje kwa kukosa nafasi. Anayeipenda atoe kimojawapo.

Sasa vigezo. Nimechagua vinne, kwa sababu hivi ndivyo vilivyoniangusha: kitabu kitapatikanaje na kwa pesa gani, muda wako ukoje, je, njia itakutoa kweli kwenye utanzu uliouzoea, na kitabu kikikushinda, inakuwaje.

Kupata kitabu

Hapa ndipo mipango mingi inapofia. Ingia duka la vitabu la kawaida Dar au Mombasa, rafu ya Kiswahili imejaa vitabu vya kiada na vya fasihi vinavyotahiniwa. Hii ni neema, tusiibeze. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 utaipata bila jasho, kwa sababu kuna mwanafunzi anayeihitaji. Ukitaka wasifu, safari, au riwaya iliyochapwa mara moja miaka ya sabini, ndipo muuzaji anapokutazama kama umemuulizia dawa ya mapenzi.

Kalenda inakupa kitu kimoja kikubwa, yaani taarifa ya mapema. Ukijua Januari kwamba Septemba ni zamu ya safari, una miezi minane ya kuagizia. Mimi hutoa orodha ya mwaka mzima kwa muuza vitabu vya mitumba ninayempitia nikitoka kazini. Hasomi Kiswahili sana, yeye ni mtu wa vitabu vya uhasibu, lakini akiona jina hunitumia picha kwa simu. Binamu yangu anayeishi Muscat hana njia nyingine isipokuwa hii. Vitabu vyake humfikia ndani ya mabegi ya wageni, mara moja au mbili kwa mwaka, kati ya kanga na unga wa muhogo. Anahitaji kujua vyote kumi na viwili kwa mpigo mmoja.

Kopo, likitumiwa vibaya, ni balaa. Unachomoa "tawasifu" Jumapili jioni na nyumbani hakuna hata moja. Shangazi alishalitatua hilo: vikaratasi vyake haviandikwi utanzu, vinaandikwa jina la kitabu ambacho tayari kiko kabatini kwake, na pembeni herufi ya utanzu. Kwa hiyo kopo lake halimgharimu hata shilingi. Ila angalia sharti lililofichika hapo, lazima uwe na kabati. Kwa anayeanza na vitabu vitatu, kopo ni mchezo wa dakika tano.

Mnyororo ndio unaokula mfuko kuliko zote, kwa kuwa hautaki kitabu chochote cha utanzu fulani, unataka kile kile. Nilipofika kwenye kiungo cha tawasifu ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara, nilizunguka miezi miwili. Anayeishi karibu na maktaba hana hofu hii. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ipo tangu 1967, na kwa mnyororo haina mfano, kwani unaweza kusoma palepale kitabu kisichouzwa popote. Nairobi wana wauza vitabu wa chini ambao watu wamewapa jina la inama, kwa sababu lazima uiname kuona kilichotandazwa. Pale mnyororo na kopo vyote vinapata riziki, kwa kuwa huendi na jina, unakwenda na macho.

Na kuhusu zile PDF za WhatsApp: najua, unajua. Waandishi wetu wanachapwa nakala chache, na kila faili linalosambazwa ni nakala moja isiyonunuliwa. Siwezi kulisema zaidi ya hapo.

Muda

Fanya hesabu kwanza. Kurasa kumi kwa siku ni kurasa 3,650 kwa mwaka. Riwaya nyingi za Kiswahili si nene, tuseme wastani wa kurasa 150 kwa kitabu, hivyo unapata vitabu 24 na ushee. Kumbe vitabu kumi na viwili vya tanzu kumi na mbili ni nusu tu ya uwezo, na nusu nyingine unasoma unachotaka. Hesabu hii ilinitoa presha.

Ila kurasa hazilingani. Kurasa kumi za Willy Gamba unazimaliza kabla daladala haijatoka Rangi Tatu, umesimama umeshika bomba kwa mkono mmoja. Kurasa kumi za *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972, haziendi hivyo. Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kinakutaka ukae, usome kwa sauti, urudi. Nilijaribu kukisoma ndani ya gari, konda akaniuliza kama naomba dua.

Kalenda haijali tofauti hiyo. Inatoa siku thelathini kwa kila utanzu kama baba anayegawa mikate sawasawa kwa mtoto mchanga na mvuta mkokoteni. *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi iliniingilia hadi wiki ya pili ya mwezi uliofuata. Utendi wa Mwana Kupona, wenye beti kama mia moja tu, ulionekana utaisha kwa siku moja, lakini niliusoma beti tatu tatu kila usiku na mwezi ukaisha nao. Halafu kalenda haijui ada za Januari, haijui mitihani ya watoto. Na kwa anayefunga, mwezi wa Ramadhani unasogea nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, hivyo mpango wa mwaka jana haufai mwaka huu. Ukiitumia, panga vizito kwenye miezi yako myepesi. Usiweke ushairi mwezi wa kufunga mahesabu ya ofisi.

Kopo na mnyororo havina tarehe. Kinaisha kinapoisha. Hii ni raha, na ni hatari pia, maana kitabu kisichokuwa na siku ya mwisho huweza kulala chini ya mto hadi Agosti. Shangazi hajali, amestaafu. Kaka yangu aliyejaribu kopo akiwa na watoto wawili wadogo alichomoa vikaratasi vinne mwaka mzima.

Kutoka kwenye utanzu uliouzoea

Kalenda inashinda hapa kwa urahisi. Aprili ikisema historia, ni historia. Hakuna mjadala.

Kopo linafuata karibu sana, mradi uwe mwaminifu. Shangazi alikuja kukiri kwamba vikaratasi vya upelelezi amevikunja mara tatu na vingine mara mbili, kwa hiyo vidole vyake vinajua. Nikacheka, lakini hilo ndilo jambo lenyewe, anayejifichia mwenyewe hufichua.

Mnyororo ukiachwa uende wenyewe ni dhaifu kabisa. Riwaya huita riwaya. Unamaliza moja ya Unguja, unataka nyingine ya Unguja, mara Juni imefika na hujagusa ubeti. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kanuni moja: viungo viwili vinavyofuatana visiwe vya utanzu mmoja. Ukishaiweka hiyo, mnyororo unabadilika kuwa kitu kingine kabisa. Ngoja nikuonyeshe wangu ulivyokwenda.

Nilianza na *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert, kitabu chembamba, cha msichana wa Fumba aliyeuza vyungu mjini hadi akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Huo ni wasifu. Mitaa ya Unguja ya zamani ikanitamanisha, nikaenda *Vuta N'kuvute*, riwaya. Hapo nikawa nawaza bara na pwani zilivyounganishwa na biashara, nikachukua *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Ndani yake kuna kijana anayekwenda bara na msafara, na mimi nikataka kumsikia mwenye msafara wa kweli akijieleza. Ndipo nikamtafuta Tippu Tip kwa miezi miwili ile niliyokwambia: tawasifu. Yeye alinituma kwa wasafiri wengine wa Kiswahili, Selim bin Abakari na theluji yake. Kutoka hapo nikafika kwa Mtoro na desturi, na mambo ya ndoa katika desturi yakanipeleka kwa Mwana Kupona anayemwusia bintiye mwaka 1858.

Vitabu saba, tanzu saba, na hakuna hata kimoja nilichokisoma kama kazi ya shule. Kila kimoja nilikifungua nikiwa na swali. Mwana Kupona nilikuwa nimeshamsoma mara mbili huko nyuma kwa kalenda, na sikumbuki hata ubeti mmoja wa nyakati hizo.

Hata hivyo tazama nilichokikosa: hakuna tamthilia, hakuna hadithi fupi, hakuna kitabu cha watoto, na mwaka mzima sikutoka kwenye dunia ya pwani na misafara yake. Mwandishi Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, kule Ziwa Victoria, hakupata nafasi. Kalenda isingeruhusu jambo hilo.

Kitabu kikikushinda

Kwa kweli mimi *Nagona* ya huyohuyo Kezilahabi ilinishinda mara ya kwanza. Ni kijitabu chembamba cha mwaka 1990, unakiona unasema wikiendi moja. Ukurasa wa ishirini nilikuwa sijui nani anasema, wapi, na kwa nini.

Kwenye kalenda, tarehe mosi ilinikomboa. Mwezi ukageuka, nikaendelea na kingine, kwenye mstari wake nikaandika "bado". Ni huruma, ila hufundishwi kurudi. *Nagona* ilikaa na "bado" yake miaka miwili.

Kopo linaweza kukaba. Kama kanuni ni kumaliza ndipo uchomoe, kitabu kimoja kigumu kinafunga mfuniko. Shangazi ana sheria ya kurasa thelathini: zikifika na moyo haujaingia, kikaratasi kinakwenda kwenye bahasha ya mwakani. Ibebe sheria hiyo hata kama hutumii kopo.

Mnyororo ukikatika unarudi kiungo kimoja nyuma na kutafuta njia nyingine kutoka hapo. *Nagona* nilikuja kuimaliza hivyo, nikitokea kwenye mashairi yake ya *Kichomi*, sikio likiwa limeshazoea anavyofikiri.

Kwa hali yako

Kama uko mbali na maduka, au unaletewa vitabu kwa msafara wa ndugu kama binamu yangu, anza na kalenda. Vilevile kama mko kikundi. Njia nyingine haziwezi kufuatwa na watu wanane kwa pamoja, mtagombana kwenye kikaratasi cha pili. Wanafunzi na walimu wataipenda, ingawa kwao ningeshauri miezi miwili iachwe wazi bila utanzu, mmoja katikati na mmoja Novemba, ya kulipia madeni.

Kama nyumbani kuna vitabu ulivyonunua ukavitazama tu, usinunue kingine. Tafuta kopo. Linamfaa pia anayechoka kuamua, yule anayesimama mbele ya rafu dakika ishirini kisha anafungua simu. Kwenye nyumba yenye watoto, waachie wao wachomoe. Watakuulizia kitabu kimeishaje, na utaona haya kuwajibu kuwa bado.

Kama ni msomaji wa siku nyingi ambaye hamu imepoa, au uko karibu na maktaba nzuri, jaribu mnyororo pamoja na ile kanuni ya viungo. Haumfai sana anayeanza, kwani kuona kitabu kinapoelekeza kunahitaji uwe umeshasoma kidogo.

Na anayetaka kuchanganya achanganye. Dada mmoja ofisini kwetu ana kalenda ya miezi sita ya kwanza, ya zile tanzu anazozikwepa, kisha Julai anajiachia kwa mnyororo. Anasema Julai anaianza tarehe 7, Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kitabu chochote atakachokikuta kwa muuza mitumba asubuhi hiyo.

Mimi mwaka huu nimeanza na *Mabepari wa Venisi*, Shakespeare wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1969, ili tamthilia isinipite tena. Kauntabuku lipo, mistari sijapiga. Mama kaniuliza kama limebakiza kurasa.